Tupeane uzoefu: daktari wa mifugo wa mji mdogo, nyumba yake na mji wake

DaktariWaZamu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kwenu. Sisi madaktari wa mifugo tukikutana tunazungumza chanjo, dawa na wafugaji wasiolipa. Nyumba zetu zinaendaje, hakuna anayeuliza. Leo naomba tuulizane.

Mimi nipo mji mdogo na daktari ni mmoja tu. Katikati kuna paka na mbwa, pembezoni kuna ng'ombe, mbuzi na kuku, na wote ni wangu. Asubuhi nahasi mbwa, mchana mkono umezama hadi begani kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, jioni niko kikao cha wazazi shuleni, na aliyekaa kiti cha pembeni ni yule ambaye ng'ombe wake kanifia mikononi juzi. Huku humkwepi mteja. Mtakutana msibani, harusini na ibadani, na popote utakapokaa atatokea mtu mwenye kuku wanaokoroma.

Kinachosumbua nyumbani ni simu. Chukua homa ya maziwa. Ng'ombe kazaa jana, leo hawezi kusimama, shingo kaikunjia ubavuni, masikio baridi. Kalsiamu ya damu imeshuka, yote imekimbilia kwenye maziwa. Huyo ukimwambia asubiri asubuhi utamkuta amekufa. Unampa kalsiamu ya mshipani polepole huku unausikiliza moyo, maana ukiiharakisha moyo unaweza kusimama. Akiitikia, anatetemeka, anabeua, na mara nyingi anainuka kabla hujamaliza kufunga mkoba. Raha yake siwezi kuielezea. Lakini nyumbani hawakumwona akiinuka. Wameona nimeondoka katikati ya chakula, tena.

Siku hizi kazi isiyo ya hatari naenda na mwanangu mmoja. Tunapiga soga njiani kuliko tunavyozungumza sebuleni. Ninyi mmejipangaje?

MumeWaDaktari

Hapa daktari ni mke wangu, mimi ni mpokea simu. Sikuajiriwa, nilijikuta tu nimezoea.

Usiku simu iko upande wangu wa kitanda. Nauliza: anapumua vipi, anasimama, amekula nini, mmempa dawa gani? Hilo la mwisho watu hulificha, na ndilo muhimu. Wengi huwapa paka paracetamol kwa huruma, kumbe mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Hapo namwamsha mara moja. Paka dume anayechuchumaa na kujikamua bila mkojo kutoka, namwamsha pia, huyo njia imeziba. Mbwa aliyegoma kula jioni moja lakini anakimbiakimbia, asubuhi njema.

Jambo jingine ni nguo. Ovaroli na buti haziingii ndani, hata mvua inyeshe vipi. Ugonjwa wa kutupa mimba, ule wa brusela, unampata mtu kupitia majimaji ya uzazi, kondo la nyuma na maziwa yasiyochemshwa. Mke wangu alipokuwa mjamzito aliacha kabisa kuwagusa ng'ombe waliotupa mimba, akawa anamwita mwenzake wa mji jirani. Kuna wafugaji walinuna, wakasema anajidai. Mmoja hakutusalimia mpaka mtoto alipozaliwa, kisha akaja wa kwanza kutupongeza. Mji mdogo una mambo.

MtotoWaKliniki

Mimi nililelewa na daktari wa mifugo. Baba alikuwa ananukia dawa ya josho hata siku ya sikukuu. Nyumbani palikuwa na boksi la paka yatima nyuma ya jiko, na mama alikuwa anasema "hawa ndio wa mwisho" kila msimu.

Ubaya wake ni kwamba mji mzima unakujua. Ukipanda mti wa mtu, baba anaambiwa akiwa bado zizini. Na niliichukia ile simu kwelikweli. Nimekuwa mhasibu, naondoka ofisini muda ukifika.

MfugajiMdogo

Naomba kuingia ingawa mimi ni mteja tu.

Ng'ombe wa jirani yetu alikufa ghafla, jioni alikuwa mzima. Damu ilimtoka puani na haikuganda. Visu vilikuwa vimeshanolewa, maana mwenyewe alitaka angalau aokoe nyama. Daktari wetu alifika akasimama kati ya mzoga na watu, akasema hafunguliwi. Alitukanwa sana. Wengine walisema ameshazoea kushiba ndiyo maana haoni hasara ya mwenzake.

Alichukua damu kidogo sikioni, akaipaka kwenye kioo, akaenda kuitazama. Kimeta. Baadaye ndipo alipotuelewesha: mzoga ukipasuliwa, vijidudu vikipata hewa vinajifunga kwenye ganda gumu na vinaweza kukaa ardhini miongo mingi, vikisubiri ng'ombe mwingine aje kulisha hapo. Na mtu anapata kwa kuchuna tu, si lazima ale. Mzoga ulichomwa pale pale, waliokuwa wameushika wakapelekwa hospitali kuangaliwa, mifugo ya eneo lote ikachanjwa. Yeye na binti yake walipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, tena wakaanza na wale waliomtukana.

Mimi mtu wa namna hiyo akiniomba kura ya chochote nampa.

MamaChanjo

Kwetu siku ya kujivunia ni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tunaifanya karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kimataifa ya ugonjwa huo. Mume wangu anachoma sindano, mimi naandika kadi, watoto wetu wanapanga foleni na kutenganisha mbwa wanaotaka kupigana. Watoto wa mtaa huja na mbwa waliofungwa kamba za viatu, mikanda, hata kitenge cha mama.

Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote, hapo ugonjwa unakosa pa kupita. Na kila anayepokea kadi tunamwambia: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

DaktariWaZamu, kuhusu kwenda na mtoto zizini sikuungi mkono. Ng'ombe mwenye uchungu hana adabu na hajui huyu ni mtoto wa daktari. Foleni ya chanjo inatosha.

MzeeWaSindano

Nimestaafu, nawasoma kwa furaha. Ila kuna mzigo hamjautaja.

Sindano ya mwisho, ile ya kumuua bila maumivu mnyama asiyeponyeka. Mji mkubwa unamlaza mbwa usiyemjua. Kwetu unamlaza mbwa uliyempa chanjo ya kwanza akiwa wa kubebwa kwa mkono mmoja, mwenye mbwa ni mjane uliyemzika mumewe, na mlangoni kuna mtoto anasubiri na kitoto cha mbwa kipya, anataka ucheke naye. Unafuta uso unacheka. Nyumbani ukifika huna maneno, mwenzako anadhani umemkasirikia.

Utafiti wa nchi kadhaa umeonyesha kuwa madaktari wa mifugo wanajiua kwa kiwango kilicho juu kuliko watu wengine. Sisemi hivyo kuwatisha. Nasema mkubaliane na daktari wa mji jirani, mbadilishane zamu za usiku, na mkikutana msizungumze dawa tu. Mimi na mwenzangu tulifanya hivyo miaka mingi. Mke wangu alimpenda yule bwana kuliko ndugu zangu, kwa sababu zamu yake ilikuwa ndiyo siku ya mimi kuwa nyumbani.

DaktariWaZamu

Mzee, shikamoo, zamu ya kubadilishana naanza kuitafuta wiki hii. MamaChanjo, nimekusikia. Mtoto anabaki nje ya uzio, na kwenye uzazi haendi.

MwanafunziMwakaWaMwisho

Shikamooni wakubwa. Nimebakiza mwaka, na nataka kurudi mji mdogo nilikozaliwa. Naogopa madeni. Nitamdaije mwalimu aliyenifundisha?

MzeeWaSindano

Marahaba. Taja bei kabla hujafungua mkoba, hata kwa mwalimu wako. Dharura unatibu kwanza, lakini deni liandike pale pale na asaini, mkubaliane tarehe. Asiyeweza kabisa msamehe waziwazi, siku hiyohiyo, ili asianze kukukwepa. Ukimwacha akukwepe, ng'ombe wake akiugua tena ataita mtu asiyejua kitu.

MwanafunziMwakaWaMwisho

Na akija kulipa kwa kuku?

MzeeWaSindano

Pokea, shukuru, umtenge na kuku wako wiki mbili kwanza. Kuna mtu alinilipa jogoo mwenye kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima.