Mitambo ya upepo inatangulia, laini ya umeme inafuata nyuma. Shida ni nini hasa?

Upepo_wa_Kaskazini
Habari zenu wadau. Nasoma mambo ya nishati chuoni na kuna kitu kinanisumbua, naomba wenye uelewa mnisaidie. Ule mradi wa Ziwa Turkana pale Loiyangalani mitambo yote 365 ilikuwa imeshajengwa kufikia 2017, megawati 310, lakini stima ikaanza kufika kituo cha umeme cha Suswa, karibu na Nairobi, Septemba 2018 kwa sababu laini haikuwa tayari. Zaidi ya mwaka mzima upepo unavuma bure, na kwa vile mkataba ulisema laini ni jukumu la serikali ikabidi wenye mradi walipwe mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo hakuna mtu aliitumia. Sasa kila nikisikiliza watu wanasema tuongeze upepo, tuongeze sola, tuongeze mvuke wa ardhini, sisikii mtu akitaja laini. Kwani wanaopanga hawajui laini inachukua muda? Na kama wanajua, mbona isijengwe kwanza? Halafu la pili, kwa nini tusiweke tu mitambo karibu na Nairobi tuachane na habari ya kuvuta waya kilomita 430?

Gridi254
Nianze na la pili ndugu yangu, ndilo rahisi. Upepo wa Turkana unatokana na umbo la ile nchi, kuna bonde katikati ya milima ya Kenya na ya Ethiopia, hewa inabanwa hapo inapita kwa kasi karibu mwaka mzima. Huwezi kuuhamisha. Mvuke nao uko Bonde la Ufa basi. Na karibu na Nairobi ardhi ina watu: Kinangop kulikuwa na mradi wa upepo wa megawati 60, ukafa 2016 kwa sababu ya mgogoro wa ardhi na wakazi. Kwa hiyo nishati hii unaifuata wewe ilipo, na laini ndefu ni sehemu ya bei yake.

Sasa hilo la kwanza. Wanajua, tena sana, ila angalia muda. Sola unaweza kuijenga kwa mwaka mmoja au miwili pesa ikiwepo. Laini ya kilovolti 400 kuna kupima njia, ripoti ya mazingira, fidia, mkopo, tenda, misingi ya nguzo, kuvuta waya, sabustesheni (vituo vya kupandisha na kushusha volti) pande zote mbili, unaongelea miaka mitano hadi kumi. Na benki ya mwenye mtambo haitoi pesa mpaka ione laini itakuja, na anayekopesha serikali pesa za laini anauliza stima ya kupitisha iko wapi. Wote wanangojeana. Mwisho vinaanza pamoja na hapo kitu chochote kikiteleza ni laini ndiyo inabaki nyuma. Hiyo ya Turkana mkandarasi wa Uhispania, Isolux, alifilisika 2017 kazi ikiwa njiani, ikabidi watafutwe Wachina kuimalizia, na walipoingia waliimaliza ndani ya miezi tu. Kwa hiyo ujuzi na vifaa vilipatikana, kilichokosekana ni nafasi ya kuteleza kwenye ratiba.

Texas walikuwa na shida hiyohiyo, upepo magharibi, watu mashariki. 2005 wakatunga sheria, wakachora kanda tano zenye upepo mzuri, 2008 mpango wa laini ukaidhinishwa, na kufikia mwanzo wa 2014 zilikuwa zimekamilika, kama kilomita 5,800 zenye uwezo wa kubeba megawati 18,500 hivi. Gharama ilikuwa karibu dola bilioni 7 na iligawanywa kwa watumiaji wote. Walijenga laini kwenda kwenye kanda, sio kwenda kwa mradi wa fulani, na wenye mitambo wakaja wenyewe. Mimi naamini kabisa hiyo ndiyo njia ya Marsabit na Turkana, maana tukiendelea na laini moja kwa kila mradi tutalipa faini tena.

Mpima_Njia
Gridi254 umesema vizuri lakini fidia umeipita haraka sana, na mimi nikiwa mtu wa kupima nakwambia hapo ndipo miaka inapoishia. Laini ya kilovolti 400 inataka ukanda wa mita 60 hivi. Mwenye shamba anabaki na ardhi yake lakini hajengi nyumba hapo wala hapandi miti mirefu, analipwa sehemu tu ya thamani, na yeye anajua shamba lake limeshakatwa katikati maisha yake yote. Akikataa mmoja unakuta nguzo zimesimama huku na huku na katikati pengo, na waya hauvutiki na pengo. Kule kaskazini ardhi ni ya jamii, haina hatimiliki ya mtu, sasa nani anatia sahihi na pesa inaingia akaunti ya nani? Watu wanakuja kuulizwa mwisho kabisa wakati ramani imeshapigwa muhuri, wanakasirika na wana haki. Ningekuwa mimi napanga, ukanda ungetengwa na kulipwa miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza, hata kama mtambo wenyewe haujulikani bado.

Chalinze_Mpya
Wakuu salamu kutoka Bongo. Huku tumeliona kwa upande mwingine. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme unatoka kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze kama kilomita 160, lakini kutoka hapo mpaka Kilimanjaro na Arusha ni mbali na umeme unapotea njiani. Machi 2025 Rais Samia aliposema kaskazini tutanunua umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya watu walikasirika sana, eti tuna bwawa kubwa hivi tunanunua wa nini. Lakini ukifikiria ni suala la laini tupu. Ukipandisha volti mara mbili mkondo unashuka nusu na upotevu unabaki robo, kwa hiyo mikoa ya mbali inataka kilovolti 400, hizi 220 za zamani hazitoshi. Na ile laini ya Isinya, Kenya, mpaka Singida iliyowashwa Desemba 2024 ndiyo imewezesha hata kuwa na hilo chaguo.

Upepo_wa_Kaskazini
Asanteni sana, nimeanza kupata picha. Na betri je? Nasikia Turkana upepo ni mkali usiku wakati watu wamelala, na Olkaria mvuke unaachiliwa hewani usiku. Si tuweke betri tupunguze hata hizo laini?

Gridi254
Ndio, na betri itasaidia sana kusogeza stima ya usiku wa manane ije saa moja jioni watu wakiwasha taa. Ukiiweka karibu na watumiaji inapunguza pia mzigo wa laini wakati wa kilele. Lakini haibebi stima kutoka Loiyangalani kuja Nakuru, hiyo kazi bado ni ya waya.

Kuna jambo lingine ambalo haliko kwenye hesabu ya megawati. Laini ndefu ikiwa na mzigo mdogo volti inapanda yenyewe upande wa mbali, lazima uweke riakta, yaani koili kubwa za kuishusha. Na chanzo kimoja cha megawati 310 kikikatika ghafla usiku mzigo ukiwa mdogo, frikwensi, yaani kasi ya mapigo ya umeme kwenye gridi, inaporomoka na mitambo mingine inajizima kujikinga, nchi nzima inaingia gizani. Ndiyo maana mpangaji anatakiwa kuuliza kila mara, kitu kimoja kikianguka vilivyobaki vitabeba? Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, taifa zima likazimika. Sasa angalia ramani: laini ya Turkana inaishia Suswa, ile ya Ethiopia ya mkondo mnyofu (DC) wa kilovolti 500 inaishia Suswa, na Olkaria nayo imeungwa hapo hapo Suswa. Mimi hiyo inaninyima usingizi kuliko uhaba wa mitambo. Magharibi bado volti iko chini jioni na stima iko Bonde la Ufa.

Kama unaandika mradi wako wa chuo, chukua mpango wa taifa wa kuzalisha umeme, weka tarehe ya kila mtambo upande mmoja, halafu pembeni yake tarehe ya laini inayoubeba. Anza na ile ambayo laini inakuja baada ya mtambo.