Mafundi wa AC Kigoma, acheni kulisingizia ziwa!

Wakuu, naandika saa saba usiku, ndoo iko pembeni ya kitanda. Paa halivuji. Ni AC. Nje mvua ya Mungu, ndani nami nina ya kwangu, tip, tip, tip, juu ya shuka.

Niko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nilinunua AC ya ukutani, dukani wakanipa na fundi wao, akaifunga kwa muda ambao maharage yasingeiva. Nikamlipa laki na nusu yake na soda juu. Wiki tatu hazijaisha, dari ya jipsamu ikaota madoa ya rangi ya chai, sasa imebonyea. Kaja mara mbili, jibu ni lile lile: "Bosi, hii Kigoma, kuna unyevu wa ziwa. Lazima itoe maji."

Itoe, nani kakataa? Kunyonya unyevu ni kazi yake. Lakini maji yapite kwenye mpira yatoke nje, siyo yanidondokee utosini. Na huo unyevu haukuanza jana. Akina mama wa Kibirizi wanajua mvua zikikolea dagaa hawakauki, wanajipanga. Wewe fundi, mtoto wa hapa hapa, umekuja kufunga mashine bila kujipanga, halafu kosa ni la Tanganyika?

Juzi nikaweka stuli juu ya meza, nikachungulia darini na tochi. Weee! Mabomba mawili ya shaba, nene limevalishwa sponji, jembamba liko uchi. Kwenye AC nyingi za aina hii gesi inashushwa presha na kupoa kule kwenye mashine ya nje, kwa hiyo hata lile jembamba linaingia ndani likiwa la baridi. Yote mawili yanavalishwa, kila moja na sponji yake. Na hilo lililovaa, sponji ni nyembamba kama soksi, maungio yako wazi, kidole kinapita. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kuacha maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 tu. Bomba lile linaweza kushuka chini ya nyuzi 10! Ni chupa ya soda ya baridi mezani, ila hii yangu ina urefu wa mita nne na imelala juu ya jipsamu.

Tundu la ukutani nalo halijazibwa, hewa ya nje yenye unyevu inapenya hadi mgongoni mwa mashine. Mpira wa maji ndiyo kichekesho: unapanda kwanza, ndipo unashuka. Maji yapande kwa miguu gani?

Dukani nao sijawasahau. Chumba kinachotosha AC ya BTU 9,000 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza) wameniuzia ya 18,000, eti kubwa inapoza haraka. Inapoza haraka kweli, kisha inazima kabla haijanyonya unyevu wa maana. Blanketi linanuka ukungu.

Langu nalikubali: nilikuwa naiweka 16 huku mlango wazi, watoto wanaingia na kutoka. Sasa naiweka 25, mlango umefungwa, na matone ya kwenye mdomo wa AC yamepungua sana. Ya darini yako pale pale. Na kabla hamjaniambia nioshe filta, nimeiosha Jumamosi.

Leo jioni nikampigia tena yule fundi. Safari hii anataka elfu themanini, "nije niizungushie tepu, bosi". Tepu! Nikakata simu.

Mwenye kumjua fundi Kigoma au Ujiji anayevalisha mabomba yote mawili kwa sponji nene na kuziba maungio, aniandikie pembeni, nalipa. Na wewe wa kwanza, kama umo humu, ngazi yangu uliyoazima haijarudi.