Miezi minne mama anakohoa kwa dawa ya presha, hakuna aliyemuuliza anameza nini!

Wakuu mnivumilie, leo nimejaa.

Bi mkubwa alikutwa na presha 170 kwa 100, akaanzishiwa enalapril kila asubuhi. Presha ikashuka, tukashukuru Mungu. Wiki ya tatu kikohozi. Kikavu, kinamkereketa kooni kama kuna unywele umenasa, usiku ndo balaa, unamkuta kakaa kitandani kajiziba shuka mdomoni asituamshe.

Tukarudi, antibaotiki. Tukarudi tena, antibaotiki kali zaidi. Akapimwa makohozi ya TB wakati makohozi yenyewe hana, piga picha ya kifua iko safi, huyu anasema aleji yule anasema vumbi, mwingine akamwambia mama huo ni umri tu. Miezi minne!! Na daftari lake la kliniki liko mezani mbele yao limeandikwa enalapril, wala hawalifungui.

Jamani hili si jambo la siri. Dawa za ukoo huo, captopril, lisinopril, ramipril, zote zinajulikana kuwakohoza baadhi ya watu, zinazuia kimeng'enya ambacho kazi yake nyingine ni kuvunja kemikali ya mwilini iitwayo bradikinini, sasa ile ikirundikana njia ya hewa inawashwa muda wote, hapo unywe sirapu ndoo nzima haisaidii kitu. Imeandikwa mpaka kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi!

Kinachoniuma zaidi, mama alishajua. Alichoka akaacha vidonge kimyakimya siku kumi, akaona kikohozi kinapungua, ila akaogopa kusema asionekane mbishi. Siku tunampima mashine inasoma 190 kwa 110, nikahisi miguu imeisha nguvu. Angepigwa kiharusi siku ile si wangeandika mgonjwa hafuati dozi, yaani lawama abebe yeye.

Aliyemaliza kesi ni daktari mmoja kijana, swali lake la kwanza tu, "mama unatumia dawa gani?" Akamtoa kwenye enalapril akampa losartan, ambayo inashusha presha bila kugusa hicho kimeng'enya. Wiki ya pili nyumba kimya usiku, mi mwenyewe nikaamka kwenda kusikiliza kama anapumua.

Mwenye mzazi anakohoa hivi na anameza hizo dawa, usimwachishe mwenyewe, mrudishe na uwatajie jina la dawa kabla hawajashika kalamu. Akivimba midomo au ulimi hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Na anayekuja kunijibu "madaktari nao ni binadamu" apite tu.