Saa mama ya eksichenji inachelewa dakika mbili kila siku, nifanyeje?

Mwana_Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Marehemu baba alikuwa fundi simu hapa Tanga. Mitambo ya zamani ya eksichenji (kituo cha kuunganishia simu) ilipong'olewa ikauzwa chuma chakavu, yeye alinunua saa mama ya ukutani, ile inayoendesha saa nyingine (saa mtoto) kwa umeme: sanduku refu la mbao lenye kioo, ndani kuna kibati G.P.O. 36 (G.P.O. ni Posta ya Uingereza). Miaka yote ililala uvunguni, imefungwa kanga. Mama akiiita "jeneza".

Nimeitundika ukumbini, nikaunga betri mbili za volti 12. Inatembea! Ila kila siku inabaki nyuma dakika mbili na ushei, kiasi kilekile. Pendulamu nilipanga milimita 994 kama maelezo ya Kiingereza yanavyosema. Halafu kontakti (vichwa vinavyogusana kupitisha umeme) zimeota weusi, saa mtoto niliyonayo mara inaruka mara inagoma. Nipige msasa?

Kibaraza:
Iuze shaba mkuu. Kwani simu yako haina saa?

FundiMstaafu:
Mwanangu, msasa weka chini. Vichwa vya kontakti ni madini laini ya thamani, ukisugua umekula. Zima umeme, bana kipande cha karatasi ngumu safi katikati ya kontakti, kivute polepole. Rudia mpaka kitoke kisafi. Mafuta yasiguse hapo kabisa. Tone la mafuta ya saa, la ncha ya sindano, liende kwenye mihimili tu. Saa mtoto inangoja mshtuo mmoja wa umeme kila sekunde 30, kontakti ikiwa chafu mshtuo haufiki.

Sasa kuchelewa. Hiyo 994 ni ya Ulaya! Huku karibu na ikweta mvuto wa dunia ni mdogo kidogo, pendulamu inavuta miguu. Mfaransa Jean Richer aliliona hilo kule Cayenne, Amerika Kusini karibu na ikweta, mwaka 1672, saa ikachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku ukilinganisha na Paris. Tanga tuko nyuzi 5 kusini, urefu wetu ni kama 991. Kaza nati ya chini, uzito upande milimita tatu.

Na ukae na daftari. Pendulamu hiyo haisukumwi kila inapobembea. Kuna kijiulimi kinaburuzwa juu ya kipande chenye mkato. Mbembeo ukifupika, kinanasa, kinafunga kontakti, sumaku inavuta mara moja. Mjerumani mmoja, Matthäus Hipp, ndiye aliyebuni, karne ya 19. Hesabu mibembeo kati ya mvuto mmoja wa sumaku na mwingine. Idadi ikishuka, ama betri inachoka ama kuna kitu kinakwaruza.

BintiBagamoyo:
Kumbe ndiyo iliyokuwa ikitukatia maneno! Unapiga simu ya mbali, hujamaliza salamu, opereta anaingia: "Dakika tatu zimekwisha, unaongeza?"

FundiMstaafu:
Ndiyo hiyo hiyo, dada. Ilitoa pia mishtuo ya sekunde 1 na ya sekunde 6, ya kupimia mazungumzo.

Mwana_Ngamiani:
Nimerudi. Karatasi ilitoka nyeusi kama masizi, nimerudia mara nne. Nati nimekaza kwa robo robo, siku nzima nikingoja. Jana imechelewa sekunde 9 tu. Mibembeo nimeihesabu asubuhi, 31, nimeandika. Saa mtoto haijagoma tangu Jumanne. Ahsante sana mzee wangu, shikamoo.

Mama kapita ukumbini, kasikia ule mlio, kasema jeneza limefufuka.