Mahamri na sambusa: mbona grafu yangu haibakizi eneo hata kidogo?

Mwana_Kisauni

Salaam aleikum wanajamvi. Hesabu yenyewe ni hii. Jiko moja la Kisauni hupika mahamri na sambusa za kupeleka hotelini kwa chai ya asubuhi. Sinia moja ya mahamri yala unga kilo 1 na dakika 30 za kazi. Sinia moja ya sambusa yala unga gramu 500 na saa 1, kwa ajili ya kukunja manda. Unga wa siku hauzidi kilo 10, kazi haizidi saa 9. Mahamri yasipungue sinia 4. Tena mwenye hoteli ataka kwa kila sinia mbili za mahamri apate angalau sinia moja ya sambusa. Faida ni shilingi 240 kwa sinia ya mahamri na 300 kwa sinia ya sambusa, na natakiwa nitafute sinia ngapi za kila kimoja zitaleta faida kubwa zaidi.

Nimeandika x ni mahamri, y ni sambusa, kisha:

x + 500y ≤ 10
30x + y ≤ 9
x ≥ 4
y ≥ 2x

Nikichora, mistari yabanana kwenye kona na hapabaki eneo lolote linalotimiza masharti yote. Kosa liko wapi? Nataka njia ya rula na penseli, kama ya mtihani wa kidato cha nne.

Chaki_ya_Mvita

Wa aleikum salaam. Makosa ni mawili, na hilo la pili lingekukwamisha hata baada ya kurekebisha la kwanza.

Kwanza vipimo. Katika x + 500y ≤ 10 umejumlisha kilo na gramu. Weka x = 0 uone: y haipiti 0.02, maana sinia moja ya sambusa sasa yala kilo 500 za unga! Kwenye 30x + y ≤ 9 umechanganya dakika na saa, x ikaishia 0.3 ilhali sharti jingine lataka 4. Badilisha yote yawe kilo na saa: x + 0.5y ≤ 10 na 0.5x + y ≤ 9. Zidisha kwa 2 uondoe desimali:

2x + y ≤ 20
x + 2y ≤ 18

La pili ni lile sharti la mwenye hoteli. Katika sentensi "mbili" imekaa na mahamri, basi mkono nao ukaipeleka kwa x. Usifuate sikio, jaribu kwa namba. Mahamri yakiwa sinia 6, sambusa 3 zatosha. Tia namba hizo kwenye y ≥ 2x: 3 ≥ 12, uongo. Kwa hiyo sharti sahihi ni 2y ≥ x. Ungeliacha kama lilivyo, x = 4 ingedai y = 8, na 4 + 16 ni 20, imeshapita 18. Ndiyo maana eneo lingekosekana hata vipimo vikiwa sawa.

Na "x ni mahamri" haitoshi. Andika "x ni idadi ya sinia za mahamri kwa siku". Ungeandika hivyo tangu mwanzo, gramu zingekushtua mapema.

Rula_na_Penseli

Kuchora sasa. Sentimita 1 kwa sinia 1, x hadi 18, y hadi 20.

Kila inikwaliti (sharti lenye ≤ au ≥) igeuze kwanza iwe mlinganyo, utafute nukta mbili. 2x + y = 20 yapita (0, 20) na (10, 0). x + 2y = 18 yapita (0, 9) na (18, 0). x = 4 ni mstari wima. 2y = x yapita (0, 0) na (16, 8). Yote ni mistari mizima, kwa kuwa "isizidi", "isipungue" na "angalau" zahesabu na ile namba yenyewe. Ingekuwa "zaidi ya sinia 4", mstari wa x = 4 ungekuwa wa vistari vya kukatika.

Kujua upande, jaribu (0, 0). Kwenye ule wa unga: 0 ≤ 20, kweli, basi upande wenye sifuri wabaki. Lakini kwa 2y = x usiitumie (0, 0), iko juu ya mstari wenyewe na haikwambii lolote. Chukua (0, 5): 10 ≥ 0, kweli, upande wa juu wabaki. Hapa wengi huanguka.

Tia kivuli upande usiotakiwa. Utabaki na eneo jeupe lenye pembe nne: (4, 2), (8, 4), (7⅓, 5⅓) na (4, 7). x ≥ 0 na y ≥ 0 hazina kazi hapa, masharti mengine yameshazibeba.

Bi_Karai

Neno moja kuhusu zile dakika 30. Kuumuka kwa unga wa mahamri kusiingizwe humo. Donge la sinia zote huumuka kwa pamoja, na wakati huo mikono inakunja sambusa. Muda huo hauongezeki sinia zikiongezeka, kwa hiyo hauna nafasi mbele ya x. Dakika 30 ziwe za kukanda, kusukuma, kukata na kukaanga tu.

Na wapishi wakiwa wawili, msikimbilie kuandika saa 18 mahali pa saa 9. Mikono imeongezeka, karai bado ni moja. Hapo lahitajika sharti la tano, la dakika za karai peke yake.

Mwana_Kisauni

Shukran, eneo limetokea. Pembe yenye faida kubwa ni (7⅓, 5⅓), shilingi 3,360. Nikaishusha iwe 7 na 5, nikapata 3,180. Ndilo jibu?

Chaki_ya_Mvita

Silo. Kushusha kwakupa nukta iliyo ndani ya eneo, lakini si lazima iwe bora. Jaribu (6, 6): unga kilo 9, kazi saa 9 kamili, faida 1,440 + 1,800 = 3,240. Ile (7, 5) yaacha nusu kilo na nusu saa, na masalio hayo hayatoshi sinia ya mahamri wala ya sambusa.

Kwa grafu, gawanya faida kwa 60 upate 4x + 5y. Chora 4x + 5y = 20, kutoka (5, 0) hadi (0, 4), kisha telezesha rula sambamba na mstari huo hadi nukta ya mwisho yenye namba nzima ndani ya eneo. (7, 5) yatoa 53, (6, 6) yatoa 54. Tofauti ni nyembamba, penseli butu itakudanganya, kwa hiyo zikokotoe zote mbili.

Hoteli ikikubali nusu sinia, hesabu yabadilika: mahamri 7 na sambusa 5 na nusu, faida 3,330.

Rula_na_Penseli

Ukihakikisha kwa simu, Desmos, ile programu ya kuchora grafu, hupaka rangi upande unaotakiwa, kinyume na kivuli chako. Usije ukaangalia skrini ukafuta grafu iliyo sahihi.