Daktari wa kwenye simu: sisi wafanyakazi tunamtaka au tunamkwepa?

Mkazi wa Chanika
Wakuu habari za saa hizi. Bima yetu ya kazini ina huduma ya kuongea na daktari kwa simu, usiku na mchana, hulipii zaidi. Juzi nimewauliza wenzangu pale godauni, karibu wote ndo kwanza wanasikia, na wachache wanaoijua wanasema ya nini, daktari asiyekushika atajuaje unaumwa nini. Mimi naona imetufaa sisi hasa. Unatoka Chanika alfajiri, foleni ya kadi, foleni ya daktari, foleni ya maabara, foleni ya dawa, siku imeisha na ulichofuata ni kusomewa majibu tu. Kwanini hatuijui, na tukiijua kwanini hatuitaki?

Fundi Tabata
Kwasababu utaambiwa una UTI na taifodi kama kawaida, safari hii bila hata kukojoa kwenye kikopo.

Bi Shuka
Fundi acha hizo. Mimi mgonjwa wa presha, mashine ya kupimia ninayo nyumbani, namtajia daktari namba zangu kwa simu ananiambia endelea na dozi au njoo tuibadilishe. Zamani kila mwezi nilikuwa naomba ruhusa kazini kwa kitu cha dakika kumi.

Afisa Utumishi
Niseme ukweli ambao wengi hamtaupenda. Wafanyakazi wakiijua vizuri hii huduma wataipenda mno. Jumatatu asubuhi mtu yuko kitandani, anapiga simu, anakohoa kidogo, anatumiwa ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, kwenye WhatsApp. Kiwanda kitabaki na mlinzi.

Mpiga Pasi
We Afisa umenigusa pabaya. Mimi niko kiwandani kwenye nguo, nasimama kutwa, mwezi uliopita nimeamka na homa mwili wote unauma nikamwambia msimamizi akaniuliza unaumwa au umechoka, nikaenda zahanati kwa hela yangu nikakaa kwenye benchi mpaka mchana ili tu nipate karatasi ya kumuonyesha yeye, dawa zenyewe zilikuwa Panadol na kupumzika ambazo hata mama yangu angenishauri, halafu leo unakuja kusema sisi tunapenda ED. ED tunazifuata kwasababu nyie hamuamini mdomo wa mtu!

Afisa Utumishi
Dada sijakutaja. Nimesema wapo. Na sheria inawapa siku 90 za ugonjwa kwa mwaka, bado watu hawatosheki.

Msoma Vifungu
Siku 90 umezitoa wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Wewe ndo unawasainia watu likizo?

Fundi Tabata
Duh. Afisa chukua ED.

Afisa Utumishi
126 kwa miaka mitatu ni 42 kwa mwaka, chini ya hizo 90 nilizosema, kwahiyo mimi nilikuwa na huruma kuliko sheria. Na sheria hiyohiyo inataka cheti cha daktari. Sasa daktari wa simu anathibitisha nini?

Msoma Vifungu
Inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa. Umeona imeandikwa akushike tumbo?

Dk wa Zamu
Ndugu zangu mnagombania karatasi. Mimi ni daktari na nawaambia wazi, homa sikutibu kwa simu. Huku kwetu homa inapimwa malaria kwanza ndo dawa mseto inafuata, na kipimo hakipiti kwenye vidio. Maumivu ya kifua, mtoto anayetapika kila anachokula, mjamzito anayetoka damu, hao wasipige kuniuliza mimi, waende hospitali, na mjamzito apige 115 ya m-mama apelekewe usafiri. Ila presha, kisukari, kusomewa majibu, kuuliza dawa hii na hii zinaenda pamoja, yote hayo yanamalizika kwa simu. Na wala si jambo jipya, Flying Doctors wa AMREF, wale madaktari wa ndege, toka miaka ya 60 walikuwa wanashauriana na hospitali za misheni porini kwa redio.

Fundi Tabata
Hapo kwenye redio daktari aliongea na daktari mwenzake. Mimi na mke wangu tutajielezaje?

Mtu wa Kigali
Huku Rwanda tulikuwa na Babyl, huduma ya daktari kwa simu, toka 2016. Ulihitaji kitochi tu, sio simu kubwa, unabonyeza namba, nesi anakupigia, baadaye daktari, unatumiwa namba maalumu kwa meseji unaenda nayo duka la dawa au maabara. Na ilikuja kuunganishwa na Mutuelle, ile bima ya wananchi. Mama wa sokoni alikuwa anatibiwa hajafunga meza yake.

Afisa Utumishi
Ilikuwa. Iko wapi leo?

Mtu wa Kigali
Ilifungwa 2023 baada ya kampuni mama kule Uingereza kuanguka. Haikufungwa kwasababu Wanyarwanda waliikataa, watu waliizoea. Usichanganye mambo.

Binti Uyui
Mbona mnazunguka. Mimi naijua hiyo huduma na siitumii, na sababu sio teknolojia. Kwanza simu tunaiacha getini kwenye kisanduku, tunaipata jioni. Pili nikiipata, naongelea wapi? Chooni? Kwenye daladala niseme nina uchafu unatoka na unawasha, konda anasikiliza? Nyumbani chumba kimoja na wadogo zangu. Tatu ndo kubwa, bima ni ya kampuni. Nikiongea na daktari wa bima ya kampuni, nani ananihakikishia kwamba ujauzito wangu hautafika kwa bosi kabla mkataba haujasainiwa upya? Pale zahanati ya mtaani nalipa mwenyewe, naandika jina ninalotaka, naondoka.

Bi Shuka
Mdogo wangu umesema kitu. Mimi na presha yangu sina cha kuficha, wewe unacho. Sikuwahi kuifikiria hivyo.

Msoma Vifungu
Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, haziruhusiwi kuzungushwa ovyo.

Mpiga Pasi
Sheria ya kunyonyesha nayo ipo, mpaka saa mbili kwa siku. Nenda kaiombe uone.

Mkazi wa Chanika
Naomba turudi kwenye swali. Afisa, wewe upo ndani. Mfanyakazi akitaka kuongea na daktari mchana wa kazi, utampa simu yake na chumba kwa nusu saa?

Afisa Utumishi
Kwa ratiba inawezekana. Ila bado nasisitiza, siku 90 nilizosema...

Msoma Vifungu
Jamani huyu!

Binti Uyui
Ratiba maana yake nije kwako nijiandikishe kwamba saa nane naongea na daktari. Si ndo umeshajua naumwa?

Dk wa Zamu
Anachosema ni cha kweli. Hata sisi upande wa pili tunasikia, mgonjwa anajibu ndiyo, hapana, ndiyo, unajua kabisa kuna mtu amekaa pembeni yake. Hapo siwezi kumtibu vizuri hata ningekuwa bingwa.

Afisa Utumishi
Basi niambieni mnachotaka, nikakiongee kwenye kikao.

Mpiga Pasi
Chukua kalamu. Bandika kwenye ubao wa matangazo, kwa sahihi yako na muhuri, kwamba anachoongea mtu na daktari wa bima hakiji ofisini kwako, kwamba simu anaipata bila kusema ya nini, na kwamba cheti cha daktari huyo kinapokelewa kama cha zahanati. Na vibarua wanaolipwa kwa siku nao uwaandike, maana hao hawana hata kadi.

Afisa Utumishi
Vibarua hawako chini yangu, wako kwa wakala.

Mpiga Pasi
Lakini wanapiga pasi pembeni yangu.