Naomba ushauri: jipu la ndani baada ya upasuaji wa kidole tumbo

Ndugu zangu, mdogo wangu wa miaka 19 alipasuliwa kidole tumbo kilichokuwa kimeshatoboka, na siku ya nane homa ikapanda hadi nyuzi 39, huku kidonda kikitoa usaha wa kijivu wenye harufu ambayo hata jirani yake wodini aliomba kuhamishwa kitanda. Ultrasaundi ilionyesha jipu la sentimita 6 ndani ya nyonga. Anachomwa antibiotiki za seftriaksoni na metronidazoli, lakini maabara iliyojaribu kuotesha bakteria kutoka kwenye usaha wake imejibu kwamba hakuna walioota.

Hapo ndipo ninapotatizika, kwa sababu nimeelezwa kwamba bakteria wa utumbo mpana wasiohitaji oksijeni, kama Bacteroides fragilis, hawaoti katika uoteshaji wa kawaida, na usaha wenyewe ulichukuliwa kwa kijiti cha pamba, ukakaa mezani tangu asubuhi hadi alasiri.

Je, niombe kipimo kirudiwe kwa usaha uliovutwa kwa sindano, au jambo la haraka zaidi ni jipu kuwekewa mrija wa kutolea usaha, maana dawa hupenya humo kwa shida? Daktari anapita kesho saa tatu asubuhi, nami ningependa kumuuliza kwa adabu, bila kuonekana namfundisha kazi.